Simu ya Bei ya Kutupa: Kabla Kikundi Hakijatoa Pesa



Mwaka jana tulipokitembelea kikundi kimoja cha akina mama katika eneo letu, tulikuta mkutano umevunjika. Wanachama walikuwa wamegawanyika, hawa wameketi chini ya mwembe na wale kando ya jikoni. Mweka hazina alikuwa katikati peke yake, ameshika simu iliyozimika. Sisi tulikuwa tumekuja kwa mambo ya mbuzi wa maziwa, lakini siku hiyo mbuzi hawakutajwa hata mara moja.

Akina mama wenyewe wametuomba tueleze yaliyowapata ili vikundi vingine vijifunze. Jina la kikundi hatutalitaja.

YALIYOTOKEA

Kikundi hiki kina wanachama 22 ambao huweka akiba na kukopeshana kila juma. Ni sisi wa ofisi ya maendeleo tuliowashauri wanunue simu ya kisasa, ile ya kugusa kioo, ili wapige picha kurasa za daftari la mikopo na kutumiana habari za mikutano. Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini hatukuwafundisha jinsi ya kuichagua simu hiyo, na kwa hilo tunakubali kosa ni letu pia.

Kijana mmoja wa karibu akawaonyesha tangazo kwenye mtandao. Simu ya jina kubwa, ambayo dukani huuzwa zaidi ya shilingi elfu arobaini, ilikuwa ikitolewa kwa shilingi 5,800 tu! Ati inatoka moja kwa moja ng'ambo kiwandani, ndiyo sababu ni rahisi. Nauli ya kuileta shilingi 800. Akina mama wakapiga hesabu: kila mtu shilingi 300, jumla 6,600. Pesa zikatumwa kwa nambari ya mtu binafsi.

Baada ya majuma matatu ukaja ujumbe kwamba mzigo umekwama kwa forodha, tuma shilingi 1,500 leo au utarudishwa. Mweka hazina alijaribu kumpata mwenyekiti kwa simu, akamkosa. Kwa kuogopa kupoteza zile 6,600, akachukua 1,500 kutoka kwa hazina ya kikundi akatuma. Alikusudia kueleza kwenye mkutano uliofuata.

Simu ilifika ikiwa ndani ya boksi zuri, pamoja na kadi ya kumbukumbu ya "zawadi" iliyoandikwa GB 128. Kwa miezi miwili ilifanya kazi, ingawa polepole. Kisha picha za kurasa za mikopo zikaanza kukataa kufunguka, betri ikavimba hadi kifuniko kikainuka, na mwishowe simu ikazimika kabisa. Hapo ndipo ile 1,500 ilipojulikana. Wengine wakasema mweka hazina amefuta picha kwa makusudi ili kuficha madeni. Mama ambaye alikuwa ameweka pesa za wenzake kwa miaka sita bila kupoteza hata shilingi moja akaitwa mwizi mbele ya wajukuu wake.

Kwa jumla simu ile ilikula shilingi 8,100. Kumbukeni hesabu hiyo, kwa maana tutairudia.

SIMU BANDIA NI NINI?

Hapa tutofautishe mambo matatu, kwa sababu watu wengi huyachanganya.

Kwanza, kuna simu halali ya bei nafuu. Hii ina jina lake yenyewe, inajulikana imetengenezwa na nani, na haidai kuwa kitu kingine. Haina nguvu nyingi, lakini inasema ukweli.

Pili, kuna simu halali iliyotumika, ambayo mtu mwingine aliitumia akaiuza.

Tatu, kuna simu bandia. Hii imevaa jina na sura ya simu nyingine ili mnunuzi adanganyike. Ubaya wake unaanzia kwa uongo huo, kwa kuwa mtu aliyekudanganya juu ya jina hana sababu ya kukuambia ukweli juu ya betri.

Wengi wetu husema "simu ya mchina" tukimaanisha simu mbovu. Hiyo si haki. Simu nyingi halali duniani, za bei ya juu na ya chini, hutengenezwa au kuunganishwa China. Tecno, Infinix na itel, ambazo mnazijua sana, ni za kampuni ya Transsion yenye makao yake mji wa Shenzhen, na ni simu halali zenye majina yake. Kwa hivyo tusiulize tu simu imetoka nchi gani. Tuulize kama ni ile inayodai kuwa.

ZINATOKA WAPI, NA KWA NINI NI RAHISI?

Katika mji huo huo wa Shenzhen kuna soko kubwa la vifaa vya umeme liitwalo Huaqiangbei. Miaka ya 2000 kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilianza kuuza ubongo wa simu pamoja na programu yake ikiwa tayari. Karakana ndogo isiyo na wahandisi wengi ikaweza kuununua, ikaongeza kioo, betri na kifuniko, ikapata simu. Mwaka 2007 serikali ya China iliondoa sharti la leseni maalum ya kutengeneza simu za mkononi, na karakana hizo zikaongezeka sana. Wachina waliziita simu zao "shanzhai", maana yake ngome ya mlimani, kama kusema maficho ya wale wasiotii sheria za mji.

Zingine zilikuwa na ubunifu mzuri, kama zile za laini mbili. Lakini nyingi ziliiga majina makubwa, na zikasafirishwa hadi Afrika.

Urahisi wa bei hupatikana kwa kukata mahali ambapo jicho halioni. Kioo na kifuniko vinang'aa, lakini ndani betri ni hafifu na kumbukumbu ni ndogo. Kisha programu inabadilishwa ili ukifungua ukurasa wa maelezo ya simu usome "GB 8" mahali palipo na GB 1. Ni kama debe la mahindi lililowekwa mawe chini. Juu ni mahindi safi, na ukishika utasema limejaa.

Kadi ya kumbukumbu ya akina mama wetu ilikuwa hivyo. Fundi aliipima akakuta nafasi ya kweli ni GB 8 tu. Kadi kama hiyo inapojaa haisemi imejaa. Inaendelea kupokea picha mpya huku ikiharibu za zamani, au haihifadhi kitu chochote. Kumbe hakuna mtu aliyefuta kurasa za mikopo!

KENYA ILISHAYAONA HAYA

Wazee kidogo watakumbuka mwaka 2012. Tume ya Mawasiliano ya Kenya ya wakati huo, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano, ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa mwisho wa tarehe 30 Septemba 2012. Na kweli zilizimwa, zaidi ya milioni moja. Mtu aliamka asubuhi akakuta simu yake haishiki mtandao.

Serikali iliwezaje kuzijua? Kila simu ina nambari yake ya kitambulisho iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Tarakimu nane za kwanza huonyesha ni simu ya aina gani. Simu bandia nyingi zilikuwa na nambari ya uongo, au maelfu yao walishiriki nambari moja, na hiyo ilifanya iwe vigumu kumtafuta mhalifu aliyetumia simu.

Walioumia zaidi walikuwa wanunuzi wa kawaida, wala si wale walioziingiza nchini. Ndiyo maana tunasema msingojee serikali iwakague simu. Kagueni wenyewe kabla ya kulipa.

HATARI NNE

1. Pesa na siri. Simu nyingine hutoka huko zikiwa tayari na programu ya wizi ndani yake. Moja inaitwa Triada. Ilielezwa na kampuni ya usalama ya Kaspersky mwaka 2016, na mwaka 2019 Google ilieleza jinsi ilivyoingizwa katika baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi. Aprili 2025 Kaspersky ilitangaza kuikuta tena katika simu bandia za bei ya chini, na zaidi ya watu 2,600 walikuwa wamepatwa, wengi wao Urusi. Programu hii inaweza kusoma ujumbe wako, kuufuta, na kutuma mwingine usiojua. Kwa sisi ambao akiba yetu hupita ndani ya simu, jambo hilo si dogo. Wala kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani hakusaidii, maana mwizi yumo katika programu ile ya msingi.

2. Moto. Betri hafifu huweza kukosa kile kifaa kidogo cha kuzuia umeme kuzidi. Ikivimba, acha kuichaji mara moja. Usiitoboe, usiibonyeze, usiitupe motoni. Iweke mbali na watoto na vitu vya kushika moto, kisha ipeleke kwa fundi.

3. Kumbukumbu za kikundi. Daftari la mikopo likipotea, kila mtu anakumbuka deni la mwenzake na kusahau lake.

4. Sheria. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Mali kama hiyo inaweza kukamatwa na kuharibiwa. Aliyeagiza kutoka ng'ambo hana mahali pa kudai, kwa sababu mwuzaji hayuko nchini na jina alilotumia huenda si lake.

JINSI YA KUIKAGUA SIMU

Fanyeni hivi mkiwa dukani, kabla pesa hazijatoka:

1. Piga *#06#. Nambari ya IMEI itatokea hapo hapo, na simu ya laini mbili huonyesha nambari mbili. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo kwenye boksi. Kisha hakikisheni mwenye duka ameiandika kwenye risiti. Zikitofautiana, rudisheni simu.

2. Tafuta IMEI hiyo kwenye mtandao, mahali pa kukagua nambari hizo. Ikitaja simu ya aina nyingine, mmeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Lakini ikilingana, msimalize hapo, kwa sababu nambari halali inaweza kunakiliwa.

3. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda kwa mipangilio, kisha "Kuhusu". Hapo chini pameandikwa kama simu imethibitishwa na Play Protect. Isiyothibitishwa msinunue. Na kama simu inajiita iPhone lakini ukigusa duka lake la programu inafungua Play Store, hiyo si iPhone.

4. Tumia kila kitu. Piga simu ukitumia laini zote mbili, piga picha, chomeka chaja, washa data. Ziba kamera moja moja kwa kidole. Simu bandia mara nyingi ina macho matatu nyuma, lakini ni moja tu linaloona.

5. Weka nyimbo au video kubwa za kujaza nafasi, kisha uzifungue zote. Jaribio hili huchukua muda, kwa hivyo lifanyeni katika siku za kwanza, kabla ya kuweka kumbukumbu zozote za kikundi, na mkiwa bado na haki ya kurudisha.

6. Ulizeni waranti. Ni ya miezi mingapi, na itatimizwa wapi? Ikiwa jibu ni "nitumie ujumbe tu", hiyo si waranti.

7. Angalieni bei. Simu ya elfu arobaini haiuzwi elfu sita. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

NA MKITAKA KUAGIZA NG'AMBO?

Hatusemi ni dhambi kuagiza ng'ambo. Watu huagiza na kupata mali halali. Lakini kwa kikundi kidogo, shida ni mbili. Ya kwanza, hamwezi kupiga *#06# kwenye picha. Ya pili, bei ya tangazo si bei ya mwisho. Mzigo ukifika kuna kodi ya VAT, asilimia 16, pamoja na ushuru mwingine wa forodha. Kodi hizo hulipwa kwa njia rasmi na hutolewa stakabadhi. Ukiambiwa kodi ya serikali itumwe kwa nambari ya mtu binafsi, leo hii, haraka, hapo hakuna forodha. Yule aliyemwandikia mweka hazina wetu alikuwa mwuzaji yule yule akirudi mara ya pili.

Sasa turudi kwa ile 8,100. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, na simu yake ya bei ya chini ilitangazwa kwa shilingi 7,499. Hatuwaambii mnunue hiyo, na bei hubadilika. Tunawaonyesha tu kwamba akina mama wale walilipa kwa uongo zaidi ya bei ya simu mpya halali.

KAMA MMESHAINUNUA

Msione aibu. Ondoeni laini ya kikundi, iwekeni ndani ya simu ya kawaida ya vibonyezo, hiyo tunayoiita mulika mwizi, na mbadilishe nambari ya siri mkiwa kwenye hiyo. Msibadilishe mkiwa bado kwenye simu mnayoishuku, kwa sababu mtakuwa mmeionyesha hata nambari mpya. Nakilini kumbukumbu zote kwenye daftari. Kama simu ilinunuliwa dukani, irudisheni pamoja na risiti, mkiwa watatu au zaidi. Msiiuze kwa jirani. Kumpa mwingine hasara yenu ni kuendeleza biashara ile ile.

WALIVYOFANYA AKINA MAMA

Tulikaa nao siku hiyo hadi jioni. Fundi alipoeleza habari ya kadi mbele ya wote, mama mmoja wa kule kando ya jikoni alisimama, akaenda akaketi karibu na mweka hazina. Hakusema neno. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Halafu likaja jambo la madeni. Kwa bahati, katibu alikuwa hajaacha kuandika kwenye daftari la zamani, ingawa wenzake walimcheka. Walikosa majuma matano tu, wakati alipokuwa amelazwa. Majuma hayo waliyajenga upya kwa kila mtu kusema deni lake mwenyewe mbele ya wengine. Zilipojumlishwa, hesabu ilipungua kwa shilingi 240. Walichanga hapo hapo, wakaifunga.

Mweka hazina alikubali kwamba alikosea kutoa 1,500 bila idhini. Kikundi nacho kilikubali kwamba kilimwachia mtu mmoja mzigo wa watu wote. Wakapitisha kwamba pesa yoyote inayozidi shilingi 500 itatolewa kwa sahihi tatu, hata kama mzigo umekwama wapi. Miezi minne baadaye wakatuma wanachama watatu mjini, wakakagua simu dukani karibu saa nzima, mwenye duka akichoka nao. Wakarudi na simu ndogo, isiyo na jina kubwa, yenye risiti na waranti. Daftari bado linaandikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu amewahi kununua kitu bandia, simu, mbegu au dawa ya mifugo? Kilimpoteza nini?

2. Kwa nini tuliamini tangazo la mtu tusiyemjua kuliko neno la mwenzetu tunayemjua miaka mingi?

3. Kumbukumbu za kikundi chetu ziko mahali pangapi? Simu ikizimika usiku wa leo, kesho tutajua nani anadaiwa nini?

4. Leo hii, kila mwenye simu apige *#06#. Ni nani bado ana boksi au risiti ya kulinganisha?

Mkishajadili, tuandikieni mliyoyapata. Na wale wa mbuzi wa maziwa, hatujawasahau. Tutakuja.